Kiswahili cha Uhura: Furaha ya Mtazamaji wa Pwani na Kazi ya Lugha

Katika michezo ya televisheni ibuniyo mambo ya sayansi na safari za sayarini, ni michache iliyowagusa wasemaji wa Kiswahili kama kipindi cha Star Trek kiitwacho "The Man Trap", kilichoonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba, 1966. Humo, katika ujia wa chombo cha angani, Luteni Uhura anasemeshwa Kiswahili na mtu asiyemfahamu. Maneno yenyewe ni machache, lafudhi yake ni ya kigeni, wala hayakufasiriwa kwa watazamaji. Walakini mpenzi wa michezo hii aliyekulia Bagamoyo, ayasikiapo kwa mara ya kwanza, hashindwi kupata la kufanya: hurudisha picha nyuma, huita wenzake, huyarudia maneno kwa sauti, kisha hukata hukumu kwamba Kiswahili kimefika kwenye nyota. Hukumu hiyo yastahili kupimwa, kwani ndani yake mna ukweli na mna upungufu.

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba furaha hiyo ilichelewa. Mwaka 1966 hapakuwa na televisheni Tanzania. Zanzibar iliipata katika miaka ya 1970, na Bara ilingoja hadi 1994. Maneno yale, basi, yalitungwa na watu ambao hawakutazamia kusikiwa na wenye lugha. Mtazamaji wa Bagamoyo yumo katika hali ya mtu apitaye chini ya dirisha la jirani, akasikia jina lake likitajwa ndani. Hafurahii uzuri wa kauli, bali hufurahia kwamba alitajwa asipokuwapo.

Ukweli wa furaha yake huonekana zaidi ukilinganishwa na jambo jingine. Katika filamu ya Return of the Jedi, ya mwaka 1983, kiumbe aitwaye Nien Nunb alitiwa sauti na Kipsang Rotich, mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa Marekani, naye alisema maneno ya lugha za kwao, Kikuyu kikiwamo. Wakenya walioielewa filamu hiyo walicheka na kufurahi. Hata hivyo, lugha hizo zilichaguliwa kwa sababu zilidhaniwa kuwa ngeni masikioni mwa wasikilizaji, hata zikafaa kuwa sauti ya kiumbe asiye binadamu. Mambo ya Uhura si hayo. Kiswahili chake ni lugha ya mtu, chenye jina na maana, na msemaji wake ni ofisa mwenye cheo. Kwa mwaka 1966 hilo halikuwa jambo dogo.

Jina lenyewe lina mafunzo yake. Nichelle Nichols, mchezaji wa nafasi hiyo, alieleza kwamba siku ya kujaribiwa alikuwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, cha mwaka 1962, na kwamba jina la mhusika lilitokana na neno hilo. Irabu ya mwisho iligeuzwa ili jina lisikike kuwa la kike. Kwa sarufi ya Kiswahili mageuzi hayo hayana msingi: lugha haitengi mume na mke kwa irabu ya mwisho. Juma na Issa huishia na "a", nao ni wanaume. Aidha, huko Bagamoyo neno lililobeba hadhi ya mtu asiye mtumwa lilikuwa "uungwana", na "huru" lilisikika zaidi katika kauli ya "kumwacha mtu huru". Katika mji uliopitishwa watumwa, na ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao mwaka 1868 pamoja na makao ya waliokombolewa, maneno hayo mawili hayakuwa na uzito mmoja. Mtunzi wa mchezo hakuyajua hayo. Alichukua neno la siasa za siku zake, akalirembesha.

Tukio la "The Man Trap" lenyewe ni hili. Kiumbe anayeishi kwa chumvi, wa mwisho wa aina yake, aweza kujionyesha kwa kila mtu katika sura aitamaniyo. Kwa Uhura amejitokeza kama kijana mweusi, na lugha ameitoa katika mawazo ya bibi huyo mwenyewe. Msikilizaji wa Mrima hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa hadithi za majini wajigeuzao wapenzi azijua tangu utotoni, na chumvi ameiona ikivunwa Nunge, kando ya mji wake. Jambo la kuangaliwa ni kazi iliyopewa lugha. Kiswahili hapa ni chambo. Humjia Uhura pale alipo mpweke, humlegeza, nusura kimwangamize. Kinachoukata uchawi huo ni wito wa kikazi na kutokea kwa wenziwe, na wito huo ni wa Kiingereza.

Kipindi cha pili, "The Changeling", cha tarehe 29 Septemba, 1967, huthibitisha mpango huo. Mashine iitwayo Nomad humfuta Uhura elimu yake yote, naye husomeshwa upya kama mtoto. Akishindwa na somo hurukia Kiswahili, na muuguzi humrudisha kwenye Kiingereza. Mpenzi wa mchezo hushangilia kuona kwamba Kiswahili kilisalia hata elimu ilipofutika. Ana haki ya kushangilia. Lakini mwanafunzi wa lugha hana budi kutazama upande wa pili: kilichosalia ni lugha ya hasira na ya nyumbani, na kinachohesabiwa kuwa elimu ni kile kinachorudishwa kwa Kiingereza. Asipokipata hicho, hawezi kurudi kazini.

Hapo ndipo upungufu ulipo. Mchezo umekipa Kiswahili moyo wa Uhura, ukakinyima mikono yake. Yeye ni ofisa wa mawasiliano, na kusikia na kusema ndiyo kazi yake. Hata hivyo lugha yake haiingii kazini. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu, Septemba 1992, alisema kwamba Uhura alimtia moyo, na katika safari yake alianza zamu kwa kauli ya kikazi ya Uhura ya kufungua mawasiliano. Mpenzi huyo wa kweli alichochukua kwa Uhura ni kauli ya kazi, nayo ni ya Kiingereza. Hata mfululizo mpya wa mwaka 2022, unaomtaja Uhura kuwa mzaliwa wa Kenya ajuaye lugha 37, na ambao katika kipindi cha "Children of the Comet" hufanya uimbaji wake kuwa ufunguo wa mawasiliano, umepiga hatua njema. Lakini maelezo ya ufunguo huo yangali ya Kiingereza.

Je, Kiswahili hakikuwa na uwezo? Bagamoyo yenyewe yajibu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa mji huo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha yake, na habari alizozikusanya zilitolewa na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Kabla ya hapo, mwaka 1901, Velten alikuwa ametoa Safari za Wasuaheli, kitabu ambacho ndani yake Mtoro aeleza safari ya Udoe na Uzigua, na Salim bin Abakari aeleza safari ya Urusi na Siberia. Salim alisimulia nchi ngeni na watu wake kwa Kiswahili cha mrima, wala hakuomba ruhusa. Lugha hiyo ilifanya kazi ya kutazama, kupima na kutoa habari; hiyo ndiyo kazi ya kila msafiri, awe wa jangwani au wa sayarini.

Msamiati nao haukukosekana. Pwani ya Saadani na Winde humwita jahazi "chombo", na "chombo cha angani" hakikuhitaji kuazimwa popote. "Rubani" alikuwa mwongoza meli kabla ya kupanda ndege. "Nahodha", "usukani", "dira" na "zamu" vimo tayari. Waliolithibitisha hili si wanavyuo, bali wasimuliaji wa filamu za kigeni katika vibanda vya video, kama Lufufu, ambao waligeuza maneno na vitendo vya wageni kuwa masimulizi ya Kiswahili mbele ya watu waliolipa ili wasikie. Mpenzi wa Bagamoyo amsimuliapo mwenziwe kipindi alichokiona hufanya kazi ile ile, na katika dakika hizo chache hukipa Kiswahili kazi ambayo mchezo wenyewe haukukipa.

Kwa hiyo furaha ya mtazamaji isidharauliwe, bali isiachwe ikatosheka na kutajwa. Tangu 1967 mtoto wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na afikapo sekondari hupewa fizikia kwa Kiingereza; naye, kama Uhura, hubakiwa na lugha yake kwa hasira na mapenzi. Atakayeyakusanya masimulizi ya wapenzi hawa, na kuandika jinsi wanavyoita mitambo, sayari na mwendo wa vyombo, atakuwa ameifanyia istilahi ya sayansi utumishi mkubwa kuliko kamati nyingi, kwa kuwa maneno hayo yamekwisha kupita mtihani wa kueleweka.