Jambalaya ya mtu mmoja: maji hayagawanyiki

Mji wa Gonzales, Louisiana, unatambulika Marekani kwa mashindano yake ya jambalaya, wali wa nyama unaopikwa sufuria moja, ambako wapishi husimama juu ya masufuria mazito ya chuma na kukoroga kwa miko mirefu. Ni chakula cha umati tangu zamani. Basi anayetaka kujipikia sahani moja tu jioni huchukua resipi ya watu ishirini, akaigawa kwa ishirini, kisha akashangaa wali una kiini na chini umeungua.

Chumvi na pilipili unaweza kuzigawa. Maji yanakataa. Nusu kikombe cha mchele wa punje ndefu, gramu 90 hivi, hunywa maji ya ujazo wake au zaidi kidogo. Mengine tunayoongeza ni ya kupotea kwa mvuke. Mvuke nao hautazami wingi wa mchele. Unatazama upana wa sufuria, mfuniko ulivyokaa, na dakika za motoni, ambazo hazipishani sana upikie mmoja au kumi. Sufuria ndogo ikipoteza mililita 50, hiyo ni robo ya maji yote. Sufuria ya watu kumi haipotezi mara kumi ya hizo.

Kwa hiyo chombo ndicho cha kuamua kwanza. Sufuria ya kipenyo cha sentimita 14 ina eneo robo ya lile la kikaango cha sentimita 28. Mililita 300 za mchele na supu zikiingia kwenye ndogo, kina kinakaribia sentimita mbili. Kwenye kikaango hakifiki hata nusu sentimita, na hapo punje za juu zinakauka kabla hazijaiva. Mimi hutumia ile ndogo, yenye kitako kizito, na supu mililita 200.

Jambalaya ya Kikrioli, ile nyekundu ya New Orleans, ina nyanya. Ya Wakejuni wa mashambani mwa Louisiana kwa kawaida haina, na rangi yake ya kahawia hutokana na nyama iliyokaangwa hadi ikashika chini. Nyanya moja ya gramu 100 ni maji kwa zaidi ya gramu 90. Kwenye sufuria ya arusi hayo hayaonekani; kwenye sahani moja ni karibu nusu ya supu yako. Ikaange mpaka mafuta yajitenge, maji yake yawe yamekwisha, ndipo upime supu. Anayeitia mbichi pamoja na supu amezidisha maji bila kujua, na wali wake utakuwa mashendea.

Kabla ya nyanya, kaanga vipande vya soseji ya moshi. Huko hutumia andouille, ya nguruwe. Asiyekula nguruwe atumie ya ng'ombe iliyofukizwa moshi, na ladha haipungui sana. Hapa udogo unakusaidia: gramu 60 za soseji hutandazwa bila kubanana, kwa hiyo hukaangika badala ya kujichemsha. Toa soseji. Kwenye mafuta yaleyale tia kitunguu, seleri na pilipili hoho, mboga tatu ambazo Louisiana huziita utatu mtakatifu. Maji yanayotoka kwenye kitunguu yatabandua ule utando wa kahawia ulioshika chini. Usiuoshe, ndio mchuzi wenyewe. Mchele nao upitishwe kwenye mafuta dakika moja au mbili kabla ya supu, kama pilau.

Kuhusu asili ya jambalaya, wapo wanaoitaja paella ya Kihispania, kwa kuwa Wahispania waliitawala New Orleans mwishoni mwa karne ya 18. Sina ugomvi nao, ila Waafrika waliokamatwa utumwani walikuwa wameshafika Louisiana tangu 1719, wengi wao baadaye wakitoka Senegambia, nchi ya wakulima wa mpunga. Waliokuwa jikoni ni wao. Thieboudienne ya Senegal nayo hupikwa sufuria moja, wali ukinywa mchuzi wa nyanya.

Turudi kwenye sufuria yetu. Supu ikichemka, rudisha soseji, funika, punguza moto hadi chini kabisa. Usikoroge wala kufunua, ila wakati wa kutia kamba. Kitambaa safi chini ya mfuniko, ncha zake zikiwa zimekunjwa juu mbali na moto, huziba mwanya na kunyonya matone yasirudi kwenye wali.

Kamba ndio wanaowaponza wengi. Kwenye sufuria kubwa unawatia moto ukishazimwa, na joto lililobaki linawaivisha. Sufuria ndogo haina joto la akiba. Inapoa haraka na kamba wanabaki wabichi. Watie dakika nne kabla ya kuzima, wakae juu ya wali, funika upesi. Wakigeuka waridi na kujikunja, zima na uache dakika kumi, kisha uchambue wali kwa uma. Chumvi onja sasa, kwa sababu soseji ina yake na supu imepungua.