Polisi Mwema wa Dola Dhalimu: Uhakiki wa Kazi ya Arthur Young

Katika maandishi mengi kuhusu vita vya Mau Mau, Kanali Arthur Young husifiwa kama Mwingereza mwenye dhamira safi aliyekataa kushirikiana na uovu. Makada na wanafunzi wetu huisoma sifa hiyo na kuikubali ilivyo. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo hiyo inastahili kuchambuliwa.

Young alikuwa Kamishna wa Polisi wa City of London tangu 1950 hadi 1971. Kati ya miaka hiyo serikali yake ilimwazima huku na huko: Gold Coast 1951, Malaya 1952, Kenya 1954, Ireland ya Kaskazini 1969. Tuitazame orodha hiyo, ndugu wasomaji. Kila alipopelekwa, umma ulikuwa umeanza kukataa kutawaliwa. Alikuwa fundi wa kuziba nyufa za dola. Huko Malaya alianzisha mpango wa kuwafundisha polisi adabu na huduma kwa raia, wakati ambapo wakulima wapatao nusu milioni walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Askari aliambiwa atabasamu langoni. Lango lenyewe halikuguswa.

Kenya ndiko kwenye kiini cha hoja. Aprili 1954 majeshi ya mkoloni yaliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, na zaidi ya watu 20,000 wakatiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Kamishna wa Polisi alikuwa Young, wala hakujiuzulu kwa hilo. Alichokipinga ni kitu kingine: machifu na homugadi waliokuwa wakitesa na kuua, na mabwana shauri waliowazuia wapelelezi wake wasiwafikishe mahakamani. Alitaka polisi wawe chini ya sheria, si chini ya bwana shauri. Gavana Evelyn Baring akamkwamisha. Desemba 1954 Young akajiuzulu, taarifa yake haikuchapishwa, naye akarudi kwenye kiti chake London. Januari 1955, mwezi mmoja tu baadaye, Baring alitangaza msamaha uliowafutia homugadi makosa yao ya nyuma.

Young aliamini kwamba sheria ya mkoloni inaweza kusimama juu ya matabaka. Baring, adui yetu, aliielewa dola yake vizuri zaidi. Alijua kwamba ulowezi ulisimama juu ya mabega ya homugadi, na kumshtaki homugadi ni kukata tawi alilolikalia mwenyewe.

Sisi wa Endasak hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Hali ya Hatari ilivuka mpaka. Serikali ya Gavana Twining iliwakamata Wakikuyu wa Jimbo la Kaskazini, wakiwemo vibarua wa Oldeani, iliyokuwa katika Wilaya ya Mbulu pamoja nasi. Wengi walirudishwa Kenya, wengine wakawekwa kizuizini. Bwana shauri hapa hakuhitaji kugombana na Young yeyote.

Wapo vijana wanaosema basi Young na Ian Henderson ni kitu kimoja. Huo ni uvivu wa kufikiri. Henderson aliongoza msako wa Dedan Kimathi hadi alipokamatwa Oktoba 1956. Alipofukuzwa Kenya 1964 alikwenda Bahrain, akawa mkuu wa usalama kwa takriban miaka 30, na wafungwa wa huko walimtuhumu kwa mateso, tuhuma alizozikana. Mmoja aliacha kazi alipozuiwa kutenda haki, mwingine aliihamishia kazi ile ile nchi nyingine. Uchambuzi wa kitabaka haufuti tofauti ya watu. Unaonyesha tu mipaka ya wema wao.

Na sisi je? Jeshi letu la Polisi tulilirithi kwa mkoloni 1961. Katikati ya miaka ya 1970 mahabusu walikufa kwa mateso Shinyanga na Mwanza. Ndugu Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu ingawa si yeye aliyetesa. Kule Kenya aliyeondoka ni yule aliyetaka watesaji washtakiwe, na aliyewakinga akabaki ugavana hadi 1959. Kwetu aliyeondoka ni mwenye dhamana. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini kabla hatujajipongeza, tukumbuke tarehe: mateso yale yalitendwa baada ya Azimio la Arusha, baada ya Mwongozo wa 1971, na waliotendewa walikuwa wananchi wetu wenyewe.