VJ Bila Kibanda: Uhakiki wa Who Killed Captain Alex? Mtandaoni

Filamu ya Who Killed Captain Alex? ilitengenezwa Wakaliga, mtaa wa kimaskini jijini Kampala, na Nabwana Isaac, mtu aliyewahi kuishi kwa kufyatua matofali. Kionjo chake kiliwekwa YouTube Januari 2010, na filamu nzima ikafuata mwaka 2015. Wengi walioiandikia wameshangazwa na bajeti yake, inayotajwa kuwa chini ya dola 200, na bunduki zake zilizoundwa kwa vyuma chakavu. Mambo hayo nayaacha. Ninachotaka kukihakiki ni sauti inayosikika juu ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho, yaani sauti ya VJ Emmie. Hoja yangu ni kwamba mtandao umemhifadhi VJ, lakini umempa kazi nyingine.

Kwa msomaji asiyetoka Uganda, VJ ni mtu anayesimulia filamu ya kigeni mbele ya watazamaji. Huipunguza sauti ya filamu, hushika maikrofoni, hufasiri mazungumzo kwa Kiluganda, huwabandika wahusika majina ya kwetu na kuwakejeli anapoona inafaa. Mahali pake ni kibanda, neno ambalo Kiluganda na Kiswahili vinalitumia kwa pamoja, ingawa Watanzania wameliongezea chumvi wakaviita vibanda umiza. Sanaa hii si ya Uganda peke yake. Marehemu Lufufu aliifanya Tanzania na DJ Afro anaifanya Kenya, wote kwa Kiswahili. Kwetu, jina kama VJ Jingo liliweza kuwavuta watu kuliko jina la mwigizaji mkuu wa filamu yenyewe.

Tumefundishwa, kwa kumfuata Mulokozi, kwamba tukio la fasihi simulizi huwa na fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. VJ wa kibandani anavitimiza vyote sita bila kulazimishwa. Akiona hadhira ya leo ni ya waendesha bodaboda, jambazi anayekimbia kwa pikipiki atapewa jina la kijiwe cha hapo jirani. Wakicheka, atalirudia jina hilo mpaka mwisho. Wakinyamaza, ataliacha. Umeme ukikatika, yeye ndiye wa kuwatuliza watu wasidai fedha zao. Kwa hiyo filamu moja iliyosimuliwa Jumamosi na Jumapili ilikuwa filamu mbili.

Mtu anaweza kunipinga kwamba uhai huo ulianza kupotea zamani, VJ walipoanza kurekodi sauti zao kwenye kanda na baadaye kwenye diski. Ni kweli. Lakini diski hiyo bado ilichezwa kibandani, au sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, ikasikilizwa na watu wanaoijua mitaa inayotajwa. Fanani aliondoka, hadhira ikabaki.

Katika Captain Alex ya YouTube mambo yamegeuka. VJ Emmie anasema Kiingereza. Anawashangilia makomando, anatangaza kwamba vita inakuja, anaisifu Uganda, anaitangaza studio. VJ wa kibandani huichukua filamu ya ugenini akaileta nyumbani, ilhali Emmie anaichukua filamu ya nyumbani akaipeleka ugenini. Hapa ndipo naona wahakiki wengi wamepita haraka mno. Wanamsifu kwa uchangamfu wake, na kweli ni mchangamfu, lakini hawaulizi mtani huyu anamtania nani. Utani wetu una masharti: anayetaniwa awepo, na aweze kurudisha. Mtazamaji wa Ulaya anayeandika chini ya video dakika na sekunde iliyomchekesha anacheka na watazamaji wenzake wa huko mbali. Mama wa Wakaliga aliyeigiza hana nafasi ya kumjibu. Sisemi kicheko hicho ni cha dharau. Maoni mengi niliyoyasoma yana upendo wa dhati. Nasema ni kicheko cha upande mmoja.

Faida zipo, tena si ndogo. Kabla ya hapo waigizaji waliuza diski zao wenyewe nyumba kwa nyumba, wakikimbizana na wanakili haramu. Kionjo kile ndicho kilichomvuta Alan Hofmanis kutoka New York hadi Wakaliga. Mwaka 2015 studio iliomba mtandaoni mchango wa dola 160 na ikapata zaidi ya 13,000. Mwaka 2019 filamu yao nyingine, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto. Hakuna kibanda ambacho kingefanya hayo.

Hata hivyo, tazameni ni VJ gani aliyefaidika. Emmie anasimulia filamu ya studio yao, hivyo hakuna wa kumdai haki. VJ wa kawaida anasimulia filamu za Marekani, Hong Kong au India, na akiipandisha YouTube filamu nzima yumo hatarini kuondolewa. Kinachobaki ni vipande vya dakika moja kwenye TikTok. Vipande hivyo vinachekesha, lakini jina la mhusika lililojengwa kwa saa nzima haliwezi kukatwa likabaki na utamu wake.

Kushirikishana nako kumebadilika, ingawa si kwa namna tunayoisoma katika vitabu vya nje. Tangu Julai 2018 Waganda walitozwa shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya data. Bando likiwa ghali, mmoja hupakua, wengine wakanakili kwa simu au flashi. Video ya mtandaoni inapita mkononi kama diski ya zamani. Tofauti ni kwamba kila mmoja anaondoka nayo akaitazame peke yake, masikioni kavaa visikizi.

Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu juu ya VJ ataipata Captain Alex kwa sekunde chache. Akitaka kujua hadhira ilimfanya VJ abadilishe nini usiku ule, itambidi apande bodaboda, alipe kiingilio, aketi kwenye benchi na kurekodi sauti za watazamaji pamoja na ya VJ. Afanye hima, maana katika mitaa ninayoijua benchi zenyewe zinazidi kupungua.