Chini ya Koti la Buluu

Septemba 4, 1893, Beatrix Potter alikuwa Scotland na wazazi wake, akamkumbuka Noel Moore, mtoto wa aliyekuwa mwalimu wake, aliyekuwa amelala mgonjwa. Hakuwa na habari za kumpa. Basi akamwandikia kisa cha sungura wanne, na kila palipobaki nafasi kwenye karatasi akachora.

Barua ile ikaja kuwa kitabu. Wachapishaji walikikataa, naye Desemba 1901 akachapisha nakala 250 kwa fedha zake. Mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne ikakitoa kikiwa na picha za rangi, kidogo cha kuenea kwenye kiganja cha mtoto, kama alivyotaka mwenyewe.

Aliyelelewa na ngano za Sungura, yule anayewalaghai Fisi na Simba, atamshangaa Peter, mmoja wa sungura hao wanne. Huyu hana hila hata moja. Ni mtukutu tu. Kakatazwa kukanyaga bustani ya Bwana McGregor, ambako baba yake aliishia ndani ya pai, naye anakwenda huko huko.

Lakini mtazame anapofukuzwa. Mwanzoni anasimama wima ndani ya koti lake la buluu kama mtoto wa shule. Viatu vikimtoka, anashuka kwa miguu minne na mbio zinaongezeka. Vifungo vya koti vinanasa wavuni, anajichopoa, na anayetokomea ni sungura wa porini hasa. Potter hakumvika mwanadamu masikio marefu. Alimjua mnyama kwanza, nguo zikaja baadaye. Utotoni London, yeye na mdogo wake Bertram walifuga sungura, panya na popo, na mizoga mingine waliichemsha hadi ibaki mifupa ya kuchora. Kazi hiyo wazazi wengi wasingeiruhusu jikoni! Hata kalunguyeye wake, aliyemfanya dobi hadithini, alikuwa na masharti: akisimamishwa muda mrefu achorwe, alipiga miayo, kisha akauma.

Jicho hilo hilo likamvuta kwenye uyoga. Charles McIntosh, tarishi wa Perthshire aliyeijua mimea kuliko wasomi wengi, alimtumia vielelezo na kumshauri achore pia uyoga uliopasuliwa, ili vibanzi vya ndani ya kofia vionekane. Potter akaotesha spora nyumbani, akizichungulia kwa hadubini. Mwaka 1897 makala yake ilipelekwa Linnean Society, chama cha wanasayansi ambacho wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria vikao vyake, na ikawasilishwa na George Massee wa bustani ya Kew. Baadaye Potter aliiondoa ili aifanyie kazi zaidi. Haijaonekana tena.

Fedha za vitabu zilimsaidia kununua shamba la Hill Top, Lake District, mwaka 1905. Huko akazama katika ufugaji wa kondoo aina ya Herdwick, vitabu vikapungua, na dalili zote zinaonyesha hakujuta. Alipofariki mwaka 1943 aliliachia shirika la uhifadhi la National Trust zaidi ya ekari 4,000, na mifugo yake.

Michoro ya uyoga, mamia kadhaa, imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Armitt, Ambleside. Mwaka 1967 mtaalamu W. P. K. Findlay alipotoa kitabu cha kuwasaidia watu kutambua uyoga wa Uingereza, miongoni mwa picha alizotumia zilikuwamo za Potter, zilizochorwa miaka 70 hivi kabla.