Mkuku wa Kuchi

Jogoo wa kuchi akisimama, uani hapabaki kuku mwingine wa kutazamwa. Shingo ndefu imenyooka, kifua kimeinuka, mgongo unateremka hadi kwenye mkia mfupi. Upanga wake haukuchanika kama msumeno. Ni kinundu tu, kimelala juu ya mdomo mnene uliopinda. Wapita njia husifu rangi. Ajuaye kuku huiacha rangi hadi mwisho.

Hilo nililiona kwa mzee mmoja wa Kilwa Masoko, nilipokwenda kuomba jogoo wa mbegu. Baada ya shikamoo na kahawa alinifungulia majogoo wawili walioanguliwa pamoja, mmoja mwekundu wa kung'aa, mwingine kijivu.

"Mzee wangu, nipe huyo mwekundu."

"Ngoja watembee kwanza, mwanangu."

Tukangoja, tena si kidogo. Yule mwekundu magoti yalikuwa yakikaribiana kila alipopiga hatua. Wa kijivu aliitanua miguu, akaukanyaga mchanga kwa vidole vilivyonyooka. Ndipo nilipofahamu kwa nini kuku wa sokoni, aliyefungwa kamba na kuning'inizwa kichwa chini, hakaguliki: amenyimwa mwendo wake.

Kisha ikaja zamu ya mkono, na hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Mzee alipitisha kiganja chini ya kidari, vidole vikaufuata mfupa wa katikati toka mbele hadi nyuma, polepole, macho yakiwa kwingine kabisa. Mfupa ule ni mkuku, kama ule wa jahazi: ukipinda, chombo kizima kimepinda, hata kipakwe rangi gani. Ukichomoza mkali pande zote mbili, kuku amekonda. Unatakiwa unyooke, nyama iujaze kushoto na kulia. Baadaye alitazama kipi, kinachosema umri. Akapapasa magamba ya miguu, ambayo yakiinuka yana utitiri. Akayapuliza manyoya ya ubawa kutafuta chawa.

Marekani walichapa kitabu cha vipimo vya kuku wa maonesho mwaka 1874, na waamuzi wa huko walikuwa wakigawa alama kiungo kwa kiungo hadi zitimie 100. Nakiheshimu kitabu hicho. Lakini kipimo cha kuchi kimekaa vidoleni mwa watu kama mzee huyu, na hawakubahatisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipowapima kuku wa asili wa Tanzania, kuchi alikuwa miongoni mwa wazito kabisa, majogoo wakipita kilo 2.5. Vinasaba vya upande wa mama navyo vimemhusisha na shamo, kuku wa mapigano wa Japani. Pwani iliyoishi kwa kusi na kaskazi haioni ajabu kuwa na kuku mwenye ndugu ng'ambo.

Kila Agosti, kwenye Nane Nane ya viwanja vya Ngongo, Lindi, natamani kuona banda moja lenye mchanga mtupu, kuku waachiwe watembee, na wazee wa namna hii waketi pembeni wakitazama.

Nilimkubali wa kijivu, nikatoa pesa. Mzee hakuzipokea.

"Bado hujamwona mama yake," akasema, akanitangulia nyuma ya nyumba, alikokuwa mama huyo ameatamia.