Jina, Herufi Kubwa na Wino Mwekundu

Wahenga walisema, "Mgala muue na haki yake mpe." Walimu huipenda methali hii, na wanafunzi huitia katika insha zao wakitaka kuonyesha kwamba hata adui hapaswi kudhulumiwa. Lakini itazame vizuri. Methali yenyewe ihimizayo haki inawaita watu kwa jina wasilolikubali. Hao walioitwa Wagala hujiita Waoromo, nao Waborana na Waorma wa Kenya ni ndugu zao. Jina lile la zamani wanalihesabu kuwa tusi. Je, mwanafunzi akiiandika methali hiyo katika mtihani, apewe alama kwa kuijua, au apunguziwe kwa kutumia jina baya? Swali la namna hii limewagombanisha walimu na wanafunzi katika vyuo vikuu vya Marekani, na yafaa tulichungue.

Ugomvi wenyewe una historia ndefu. Mwaka 1899 W. E. B. Du Bois, mtaalamu Mmarekani mwenye asili ya Kiafrika, alitoa kitabu kiitwacho The Philadelphia Negro, kinachoeleza maisha ya watu weusi wa mji ule. Siku hizo wapiga chapa wengi waliandika neno "negro" kwa herufi ndogo, ilhali majina ya mataifa mengine yalipewa herufi kubwa. Du Bois alikataa. Katika tanbihi, yaani maelezo mafupi chini ya ukurasa, aliwaarifu wasomaji kwamba ataliandika kwa herufi kubwa, kwa kuwa watu milioni nane wa nchi ile waliistahili. Hakuomba radhi, wala hakumwacha msomaji adhani kwamba ni kosa la mpiga chapa.

Mwaka 1928 Du Bois alikuwa mhariri wa gazeti la The Crisis. Mwanafunzi mmoja wa shule ya sekondari katika jimbo la Indiana alimwandikia barua, akilalamika kwamba gazeti hilo linatumia neno "Negro", ambalo yeye aliliona kuwa jina la kuwadunisha watu weusi. Du Bois alimjibu bila kumbembeleza. Alimwonya asidhani kwamba jina na kitu ni mamoja. Watu wanaodharauliwa hawatapata heshima kwa kubandikwa jina jipya, na kazi ya kijana iko kwingine, si katika majina.

Jibu hilo lina nguvu, na historia ya Kenya yaweza kulishuhudia. Mwaka 1950 mabaraza yaliyoitwa "Local Native Councils" yalipewa jina la "African District Councils". Neno "Native", lililowachukiza wengi, liliondoka; lakini mashamba yaliyotwaliwa na walowezi hayakurudi kwa ajili ya jina hilo.

Hata hivyo, jibu la Du Bois ni nusu ya ukweli. Kama jina si kitu, kwa nini yeye mwenyewe alidai herufi kubwa mwaka 1899? Na kwa nini gazeti la The New York Times lilingoja mpaka mwaka 1930 kuikubali? Watu hawanyimani kitu kisicho na thamani. Jina halimshibishi mwenye njaa, lakini laonyesha nani ana mamlaka ya kumwita mwenzake, na kwa heshima gani. Du Bois wa 1928 alisahihishwa na Du Bois wa 1899.

Sasa tuje kwenye kalamu ya mwalimu. Novemba 2013, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, wanafunzi wa shahada za juu waliketi darasani mwa mwalimu mmoja na kusoma malalamiko yao mbele ya wote. Jambo moja lililowaudhi ni kwamba mwalimu huyo, katika kusahihisha maandishi ya mwanafunzi, alikuwa ameigeuza herufi kubwa ya neno "Indigenous", maana yake wenyeji wa asili, kuwa ndogo. Wao waliona kwamba amewavunjia heshima wenye jina. Yeye aliona kwamba anafundisha kanuni za uandishi.

Nani alikuwa na haki? Mwalimu hakosi kwa kusahihisha. Asiyesahihisha amemnyima mwanafunzi elimu. Lakini kanuni yenyewe haikuwa mwamba. Mwezi wa Juni 2020 shirika la habari la Associated Press liliamua kuandika "Black" na "Indigenous" kwa herufi kubwa yanapotaja watu. Mwezi uliofuata liliamua kwamba "white", yaani Wazungu, libaki na herufi ndogo. The Washington Post nalo likaamua kuyapa herufi kubwa yote mawili, "Black" na "White". Basi ukurasa mmoja waweza kuwa sahihi kwa mhariri huyu na wenye makosa kwa yule. Kumpunguzia mtu alama kwa jambo ambalo wajuzi wenyewe hawajakubaliana, bila kumwonya kabla, si kumpima elimu bali ni kumtega.

Kwa hiyo mtahini na atangaze kanuni yake kabla kalamu haijashikwa. Atenge hoja na tahajia, ili kosa la herufi moja lisimeze kazi ya kurasa kumi. Na akifuta neno, aandike sababu pembeni, kwa maana wino mwekundu usio na maelezo hufanana na hasira.

Mwanafunzi naye ana wajibu wake. Jina la heshima haliwi ngao ya hoja dhaifu; mtu aweza kuwaita watu wote kwa majina wayapendayo na bado akaandika insha isiyo na ushahidi. Akitaka kuiacha kanuni, na afanye kama Du Bois, aseme mapema, kwa sentensi moja au mbili, anatumia jina gani na kwa nini. Hata mwenye kuiandika ile methali ya Mgala aweza kuongeza kwamba jina hilo ni la kale na wenyewe hawalipendi. Mtahini aliyeelezwa hivyo aweza kubishana naye, lakini hawezi kusema kwamba hakujua alilokuwa akiandika.