Bamvua Chini ya Meza

Umeme ukikatika usiku hapa Kunduchi, feni hunyamaza kwanza, kisha friji. Nyumbani kwangu ipo sauti ya tatu, nayo hainyamazi upesi. Ni ya maji. Pampu imekwisha simama, lakini maji ya tangi la matumbawe sebuleni bado yanateremka bombani, yanaingia kabatini, yanapanda polepole ndani ya tangi la pili ambalo mgeni halioni. Napiga magoti na tochi ya simu. Yakiukaribia mstari niliouchora kwa wino mzito, yanapunguza mwendo, yakiugusa, yanatulia. Sakafu kavu. Hapo narudi kitandani nikiwa na furaha ambayo samaki wangu, kwa uzuri wao wote, hawajawahi kunipa.

Tangi hilo la chini sisi wafugaji tunaliita sampu. Wageni husifu la juu, na wana haki. Mimi nalisifu la chini, kwa kuwa limenifundisha kwamba kuyapandisha maji ni kazi ya pampu, na pampu inauzwa dukani. Kuyaandalia maji mahali pa kurudi ni kazi ya fundi.

Vioo vilikatwa Tandika, kule Temeke. Fundi aliniuliza, “Hili tangi litakaa wapi, mzee?” Nikamwambia, ndani ya kabati. “Kama la kufichwa, basi kona hazina haja ya urembo.” Nikamsihi azitengeneze kana kwamba litawekwa mlangoni. Aliposikia kazi ya tangi lenyewe, akachukua futi na karatasi, akaanza kuuliza maswali mazuri kuliko yangu. Kingo akazifuta hadi kitambaa kikatoka cheupe, ndipo akapitisha silikoni kutoka kona hadi kona bila kuinua mkono. Tulilijazia maji uani, juu ya benchi lililopigwa pima maji, likalala siku mbili kabla halijaingia ndani.

Maswali yake yalikuwa ya hesabu. Tangi la juu lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50. Likijaa ni lita 300. Pampu ikisimama, maji hushuka hadi usawa wa ukingo wa kumwagia, kiasi cha sentimita 3. Kwa macho ni unene wa vidole viwili, kwa ndoo ni lita 18. Sampu ina urefu wa 75, upana 40 na kimo 40, kwa hiyo kila sentimita yake inabeba lita 3. Lita 18 zinadai sentimita 6, na maji yaliyobaki mabombani yanadai zake. Tukaacha sentimita 12 tupu, yaani nafasi ya lita 36.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye bomba la kupandishia. Mdomo wake ukiwa umezama sentimita 15, pampu ikisimama bomba hugeuka mrija na kuyanyonya maji kinyumenyume hadi mdomo upate hewa. Hizo ni lita 90, zinakuja mahali penye nafasi ya lita 36. Kinga yake ni tundu moja dogo, lililotobolewa bombani chini kidogo ya uso wa maji. Uso ukishuka tu, tundu linavuta hewa na mnyonyo unakatika. Kila wiki nalizibua kwa kijiti, maana konokono mmoja akiamua kulala hapo, amelala juu ya zulia langu.

Maji yanapozunguka, hupita sampuni kama msafiri apitaye vyumba. Kwanza soksi ya kuchujia, inayokamata mabaki ya chakula na kinyesi. Isipofuliwa kila baada ya siku chache, uchafu unaozea humohumo. Pili, silinda ya povu. Nani hajaona povu la njano likisukumwa ufukweni wakati wa kusi? Uchafu ulioyeyuka baharini hunata kwenye viputo na kutoka nao, na silinda hii ni wimbi lile lililofungiwa chomboni. Tatu, shamba la mwani. Taa yake naiwasha usiku, wakati juu kumelala, ili mwani uendelee kula kaboni dayoksaidi na maji yasichachuke. Mwani unajijenga kwa naitreti na fosfeti, hivyo kila konzi ninayovuna ni uchafu uliotoka ukiwa umevaa kijani. Kisha vioo vitatu, maji yakipita juu, chini, tena juu, mpaka viputo viishe. Mwisho, chumba cha pampu, ambamo pekee upungufu huonekana, kwa sababu kwingine kote vioo vinashikilia usawa. Yanayokauka ni maji, chumvi inabaki. Kwa hiyo naongeza maji matamu yaliyochujwa. Kaskazi ikipamba moto, naelekeza feni ndogo kwenye uso wa sampu, na mvuke unaondoka na joto. Joto si la kupuuza. Mwaka 1998 bahari yetu ilipopata homa, matumbawe mengi yalipauka na kufa.

Mpangilio huu wa kuchuja maji upo pwani tangu kale. Mto Mzinga ukifika baharini upande wa Temeke, unapita kwenye mikoko. Kijito cha Kunduchi nacho kina mikoko yake. Mizizi inapunguza mwendo wa maji, tope linatuama, vijidudu vinakula uozo. Matumbawe ya Mbudya na Bongoyo, yaliyo hifadhini tangu 1975, yanapenda maji maangavu, na uangavu huo una watumishi wake matopeni. Ndiyo maana sikuchukua hata jiwe moja mwambani. Mawe yangu nimeyafinyanga kwa saruji, mchanga na chumvi, nikayaloweka kwa wiki nyingi nikibadilisha maji. Pwani yetu imevunja matumbawe ya kutosha kwa kuchoma chokaa na kwa baruti. Saruji ikirudi kuwa mwamba, hata kidogo, naona deni limepungua.

Jiji letu lilijifunza hesabu ya fundi wa Tandika kwa uchungu. Desemba 2011 mvua ilipozidi, maji ya Mto Msimbazi yalirudi kudai bonde lao, yakalikuta limejaa nyumba. Baadhi ya waliokosa makao walihamishiwa Mabwepande, huku kwetu Kinondoni. Maji hayakuwa na hasira na mtu. Yalikuwa yakitafuta zile sentimita 12, na hakuna aliyeziacha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mbona zaidi ya robo ya sampu yangu ni tupu, na ingetosha shamba kubwa zaidi la mwani, namjibu kwamba hapo ndipo pamejaa kazi kuliko kwingine. Alfajiri umeme unarudi, pampu inakohoa mara moja, maji yanaanza kupanda kwenda kwa samaki. Mstari wa wino unabaki wazi juu ya kioo, na maji yameacha alama nyembamba ya chumvi, kama ile ambayo bamvua huiacha kwenye shina la mkoko. Naipangusa kwa kidole, nafunga kabati.